Jumanne za Wafalme

Kwetu Kisii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akimtaka, anasimama uwanjani na kuita, na mwana anatoka. Nimeishi hivyo maisha yangu yote na sijaona ubaya wake. Basi mtu aje anieleze: hapa Minnesota, mwezi wa kwanza, theluji imefika madirishani, baba asimame wapi aite?

Mwanangu alikuwa ameshalifikiria jambo hilo kabla ya kunikatia tikiti. Nyumba yake iko katika mji mdogo wa Crystal na ina chumba kikubwa chini ya ardhi, wanakiita basementi, chenye mlango wake wa nyuma na ngazi zake za simiti. Alinionyesha siku ya kwanza akasema, "Tata," maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "hii ni nyumba yako. Mlango ni wako, ufunguo ni wako. Huko juu ndiko kwangu."

Nikamuuliza, "Na pale penye viti?"

Nilimaanisha sebule, ambayo unaifikia kwa ngazi za ndani kupitia jikoni. Akakuna kichwa. "Pale tuhesabu ni uwanja."

Nikakubali. Uwanja wenye zulia, uwanja wenye televisheni pana kama mlango wa lori, lakini uwanja. Mkamwana wangu, yaani mke wake, alikuwa jikoni akisikia, akakohoa. Maana yake naye amekubali. Ng'ambo ya sebule kuna ujia unaokwenda kwenye vyumba vya kulala. Mpaka leo sijui kuta zake zina rangi gani.

Vijana wetu waliozaliwa huku wakisikia hayo wanacheka. Wacheke. Boma langu sikulijenga kwa kuuliza watu wanaocheka.

Mimi ni mtu wa mashine ya kusaga mahindi. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu baba alikufa na mtu wa kubeba magunia alihitajika. Nilibeba magunia ya watu sokoni mpaka nikawa na langu, kisha nikanunua mashine kuukuu ambayo mwenyewe alikuwa ameikatia tamaa, nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, ikanguruma. Imesomesha watoto wangu wote na imejenga nyumba ya mawe. Sisemi haya ili nisifiwe. Nasema kwa sababu mtu akikaa katika basementi, watu hudhani alizaliwa humo.

Mashine ile ilinichukulia masikio kidogo. Sauti nyembamba zinanipita, kishindo nakisikia. Nilichokuwa sijui ni kwamba siku moja ningeililia kelele yake. Hapa ni kimya. Magari yanapita kama yanakanyaga sufi. Jirani wa upande wa kushoto simjui uso, namjua koti. Mke wangu yuko kule nyumbani, amelala nyuma ya migomba, na alipokuwa hai aliongea tangu anawasha moto asubuhi mpaka anauzima. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, pumua kidogo." Sasa napumua mimi, siku nzima, na hakuna anayenikatiza.

Mwanangu ni muuguzi katika hospitali moja upande wa Maplewood. Anafanya shifti za usiku, mchana analala. Mkamwana anafanya kazi mchana katika nyumba ya kutunza wazee, kwa hiyo kutwa nzima anawapangusa midomo wazee wa watu wengine, na mimi ananiachia chakula mezani kimefunikwa vizuri. Ni mwanamke mwema. Kukohoa kwake nakujua kuliko maneno yake, na ndivyo inavyopasa kati ya mkwe na mkamwana. Mjukuu wangu wa kike akirudi kutoka shule namsalimu kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, kila mmoja anachukua alichoelewa na kwenda zake.

Jumanne ndiyo siku ambayo mwanangu haendi kazini wala halali mchana. Nilikuwa naishi siku hiyo. Zile nyingine nilikuwa nazipitisha.

Lakini tukikaa, tufanye nini? Habari za nyumbani tulizimaliza mapema: nani amekufa, nani ameuza shamba, nani amekuwa mchungaji. Mwanamume na babake hawawezi kukaa wakitazamana machoni kama wachumba. Lazima kuwe na kitu mbele yao. Nyumbani kitu hicho ni ng'ombe. Mnamtazama ng'ombe, na mambo yanatoka yenyewe. Hapa ni televisheni. Na televisheni ya hapa ina ugonjwa wake. Hujakaa vizuri, watu wameshashikana midomo. Hata tangazo la sabuni! Sasa kwetu, baba na mwana wakikutana na jambo la namna hiyo, hawawezi kubaki pamoja wakilitazama. Mmoja ataondoka. Mara ya kwanza aliondoka yeye kwenda kunywa maji. Mara ya pili nikaondoka mimi kwenda kuchungulia theluji kana kwamba ilikuwa imebadilika. Kuna Jumanne moja kijana wa watu alikunywa maji mpaka nikamwonea huruma.

Ndipo akaenda maktaba. Alinieleza baadaye jinsi alivyochagua: alikuwa akigeuza majalada mbele na nyuma akitafuta kama kuna mwanamke. Akapata sanduku la diski lenye wanaume watupu, mikuki, farasi, na mtu mmoja mwenye taji aliyekunja uso. Mama wa maktaba akamwambia hizo ni tamthilia za kale za wafalme wa Uingereza, zimechezwa kwa ajili ya televisheni, watu huzisoma hata vyuoni. Mwanangu akasema moyoni, hizi ndizo. Wafalme, vita, Waingereza wa zamani. Hapo nani atambusu nani?

Za kwanza zilikuwa zimerekodiwa miaka mingi nyuma, rangi zake zimefifia. Mfalme alitoka kwa hasira, akafunga mlango wa ngome, na ukuta mzima ukatikisika.

"Hiyo ni mbao nyembamba," nikasema.

"Tata, ni maigizo."

"Hata maigizo yapigwe msumari."

Kiingereza changu ni cha kununulia dizeli. Nilitegemea mwanangu anifasirie. Akakaa mbele kwenye kiti, viwiko magotini, akasikiliza kitambo, kisha akanigeukia.

"Tata, hata mimi sielewi."

"Wewe? Na ile digrii?"

"Digrii ni ya uuguzi. Hawa wanaongea kama watu wanaosoma Biblia wakiwa wamekasirika."

Akaweka maandishi chini ya picha. Akayasoma yote. Bado hakuelewa.

Lakini mambo yenyewe hayakuwa mageni. Mfalme kijana, mwenye nywele nzuri, anachukua mali ya mzee mmoja ambaye ndiyo kwanza amefariki. Mwana wa marehemu yuko ughaibuni, amefukuzwa. Nikasema, "Huyu mfalme amekwisha."

"Umejuaje? Ana askari wote hawa."

"Umewahi kuona mtu akagusa shamba la maiti akapata usingizi? Ngoja yule wa ughaibuni arudi."

Akarudi, na watu nyuma yake. Mwanangu akapiga goti kwa kiganja akacheka, "Haki ya Mungu, Tata, uliisoma wapi hii?" Nikamwambia nimekaa kwenye vikao vya mashamba tangu yeye hajazaliwa, tofauti ni kofia tu. Lakini nisijifanye mjuaji wa yote. Kulikuwa na askofu mmoja mwenye gauni jekundu ambaye mimi na mwanangu tulimchukua kuwa mama wa mfalme mpaka diski ya pili, na tulikuwa tumeshaanza kumlaumu kwa malezi mabaya.

Tukafanya hivyo Jumanne baada ya Jumanne. Yeye anasoma maneno, mimi nasoma nyuso, tunayaunganisha. Zile za mbao zilipoisha alileta nyingine, mpya, wafalme walewale wakichezwa na watu wengine. Hizi zilikuwa na matope ya kweli na farasi wanaotoa moshi puani. Kwanza nilikasirika. Mfalme niliyemzika Jumanne iliyopita amerudi na pua nyingine! Kisha nikazoea, hata nikaona ni vizuri. Mtu unayemjua mwisho wake unamtazama kwa upole zaidi.

Kitu kimoja kilinishika. Katika tamthilia hizo wote wakitoka, mfalme akibaki peke yake, anaanza kuongea. Anaongea kweli, maneno mengi, chumba kitupu. Mwanangu alicheka: "Sasa huyu anamwambia nani?"

Mimi sikucheka. Huko chini kwangu kuna hita kubwa ya nyumba nzima, na inapowaka huwa naiuliza, umeamka? Ikizima naiaga. Hayo sikumwambia mwanangu. Nilisema tu, "Anamwambia aliyepo."

Na kuna siku mfalme mzee alikuwa kitandani mgonjwa, taji liko kando yake juu ya mto. Mwanawe anaingia, anamtazama, anadhani baba ameshakufa, analichukua taji na kujivika. Kumbe mzee anapumua. Anaamka, taji halipo. Mimi na wangu hatukutazamana. Tulimtazama yule kwenye kioo.

"Alidhani ameshaenda," mwanangu akasema mwishowe.

"Angeangalia pumzi."

"Alikuwa na huzuni, Tata."

"Mwenye huzuni haangalii pumzi? Wewe ungeangalia?"

"Mimi ningeangalia," akasema. "Ningeangalia mara nyingi."

Hatujawahi kuongea jambo kubwa kuliko hilo tangu nimzae, na tuliliongea tukiwa tunatazama mbele. Ndiyo maana nasema siku ile ilikuwa ya kuishi.

Sasa nifike kwenye balaa. Kijana yule aliyejivika taji akawa mfalme, akavuka maji kwenda kuwapiga Wafaransa. Wachache kwa wengi, matope mpaka magotini. Tukashinda. Nasema tukashinda kwa sababu wakati huo tulikuwa upande wake, hata mwanangu alisimama. Vita vikaisha, watu wakanawa, wakavaa vizuri, wakaingia katika jumba la Wafaransa kuzungumza amani. Nikatulia kwenye kiti. Nikajua sasa yamebaki maneno ya wazee.

Kumbe wazee walitoka. Akabaki mfalme na binti wa mfalme aliyeshindwa.

"Ni mkataba, Tata," mwanangu akasema haraka. "Wanaandikiana mkataba."

"Mkataba gani wa kushikana vidole?"

Akaanza kutafuta rimoti. Mezani haipo, chini ya magazeti haipo. Yule mfalme naye hana haraka, anasogea, anaongea, anasogea. Binti anainamisha uso, anauinua. Mwanangu yuko chini kwa magoti anapapasa zulia. Nikataka kuinuka niondoke mimi, na ndipo nilipohisi kitu kigumu. Rimoti nilikuwa nimeikalia. Nikainuka nusu kuichomoa, bila kujua kidole kimeminya wapi, na sauti, ambayo kwa ajili ya masikio yangu huwa ni kubwa siku zote, ikawa kubwa zaidi. Hapo ndipo walipobusiana. Na hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka, mkamwana wangu akaingia na mifuko ya sokoni, ametoka kazini mapema.

Akaona mumewe amepiga magoti. Akaona mkwewe amesimama na rimoti mkononi. Akaona televisheni.

Akageuka na mifuko yake yote akarudi nje, akafunga mlango, akasimama huko kwenye theluji. Nilimwona dirishani, mgongo wake.

Ngazi za kwenda kwangu zinaanzia jikoni, na jikoni singeweza tena kupita. Nikafungua mlango wa mbele nikatoka kama nilivyokuwa, na soksi, nikaizunguka nyumba upande wa pili, theluji inanimeza mpaka karibu na magoti, hadi mlangoni kwangu. Niliwaza, huyu mfalme mwingine naye ameondoka kwenye ngome yake ya mbao. Lakini sikucheka. Vidole vilikuwa vinauma.

Nyumbani jambo la namna hiyo lina watu wa kuliondoa. Kuna shangazi fulani au bibi mmoja mwenye mdomo, atakuja atalisema kwa mzaha, watu watacheka wakijificha uso, limekwisha. Hapa hatuna bibi huyo. Likabaki pale sebuleni kama kiti.

Jumanne iliyofuata mwanangu akanipigia simu akasema amechukua shifti ya ziada. Iliyofuata pia. Ile nyingine hakupiga. Chakula kiliendelea kuja, sasa kinawekwa juu kabisa ya ngazi zangu ili nisilazimike kupita, na kilikuwa kizuri kuliko zamani, nyama nyingi, na hilo ndilo lililoniumiza. Walikuwa wananilisha kama mgeni.

Nilianza kufikiria kurudi. Nilijaribu kulipanga kichwani: nitafika, nitafungua nyumba ya mawe, nitakaa. Halafu? Mashine inaendeshwa na mpwa wangu na anaiendesha vizuri. Migomba iko kimya kama huku. Na mwanangu, ambaye niliongea naye lile neno la pumzi, atakuwa mbali tena, tutakuwa tunaulizana habari za mvua. Sikuja Crystal kwa ajili ya nyama. Nilikuja kwa sababu kabla sijafa nilitaka kumjua mtu niliyemzaa, na nilikuwa nimeanza, na busu la Mwingereza likatukatiza.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa, hita imezima, nikasikia hatua zake juu ya kichwa changu. Ilikuwa Jumanne. Shifti ya ziada haikuwapo wala nini. Alikuwa pale pale, anazunguka sebuleni, kutoka dirishani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi dirishani. Yeye huko, mimi huku, sakafu moja kati yetu. Nikaona upuuzi. Nikachukua simu nikampigia. Hatua zikakimbia.

"Tata? Uko salama? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Wafalme wako wapi?"

"Nilirudisha maktaba."

"Kachukue tena. Chukua mbili."

"Mbili za nini?"

"Sanduku mbili zilezile. Moja yako, moja yangu. Ile televisheni ndogo iliyoko gereji, niletee huku. Wewe utakaa uwanjani, mimi nitakaa kwangu. Wakianza mambo yao ya mikataba, kila mtu atakuwa ameyaonea kwake."

Nikasikia anacheka, na kicheko kile sikukisikia kwenye simu tu, kilipita kwenye mbao.

"Tata, wewe..."

"Mimi nini?"

"Hakuna. Naenda sasa hivi."

Akazungukia maktaba mbili, moja ya huku kwetu na nyingine ya mbali. Akaleta televisheni chini, akaifunga, macho yake yakiwa kwenye waya muda wote. Akaanza kunifundisha, hapa ni kuwasha, hapa ni kusimamisha. Nikamwambia mashine ya dizeli ilinitii, hiki kidude hakitanishinda. Alipokuwa anapanda ngazi, mkamwana akakohoa huko juu. Kikohozi kirefu kidogo, chenye kicheko ndani yake. Nikakohoa nami.

Sasa ndivyo tunavyofanya. Jumanne anapiga simu, anasema, "Tata, tayari? Haya, anza!" na kila mmoja anaminya chake. Kisha tunakata simu, kwa sababu maigizo hayo huwezi kuyasikiliza kwenye simu na kwenye televisheni kwa pamoja. Jambo likiwa zuri anabisha sakafu kwa kisigino. Nami nina fimbo, nabisha darini. Ukuta ukitikisika tunabisha wote wawili. Ile sehemu ya binti wa Mfaransa ilipofika, hakukuwa na kisigino wala fimbo, nyumba nzima kimya, na ilipopita nikasikia kimoja, kidogo, kama mtu anayeuliza kama yamekwisha. Nikajibu.

Sitasema ni sawa na kukaa pamoja. Si sawa. Kiti cha pembeni yangu ni kitupu na mguu wa mwanangu ni kishindo tu kwenye dari. Uso wake, akisema lile neno la kuangalia pumzi, nilikuwa nauona kwa pembe ya jicho, na sasa siuoni.

Tena diski yake inaitangulia yangu. Sijui ni televisheni yangu ndogo au ni kidole changu kizito, lakini tukianza pamoja, yeye hufika kabla yangu. Jumanne iliyopita tulimrudia mfalme mzee, yule wa kitandani. Mfalme wa kwangu alikuwa bado amemshika mwanawe mkono, anamwelekeza, sauti inapanda na kushuka, nikasikia kisigino juu. Kimoja, polepole, kisha kimya. Nikajua kwamba yule wa huko juu ameshakufa.

Nikainua fimbo nikabisha, ajue kwamba nimesikia. Kisha nikabaki na wa kwangu, ambaye bado alikuwa na maneno machache ya kusema.